Marehemu Ataka Kiti cha Mwongozaji

Jumatatu, 1 Desemba

Kaka Tarapada ameteleza bafuni! Mguu umevunjika mahali pawili! Mungu ampe nafuu. Ila taratibu, hakuna haja ya haraka.

Leo asubuhi Bibi Sharbani, mtayarishaji wetu, alitukusanya uani pale studio, Tollygunge, mtaa wa filamu hapa Kolkata, akauliza nani ataongoza tamthilia mpaka mwongozaji wetu apone. Hajamaliza hata sentensi, mkono wangu uko juu! Pinaki, mwigizaji mwenzangu, naye akanyoosha wake. Wangu ulitangulia. Mashahidi ninao.

Nijieleze kidogo, ili watakaoandika maisha yangu wasipate taabu. Mimi ni Bhabatosh Samaddar, mwigizaji. Katika *Taa ya Uani* mimi ndiye Bwana Mkubwa, mwenye ile nyumba. Nilikufa sehemu ya arobaini, moyo, baada ya kusikia habari za wosia. Tangu hapo, mwaka wa tisa huu, nipo ukutani. Picha. Shada la maua meupe shingoni, nukta za msandali kwenye paji la uso, vijiti vya udi vinafuka chini yangu. Mke wa mwanangu akionewa analia mbele yangu. Akishinda, ananishukuru mimi. Hakuna kikao cha familia kisicho na mimi! Lakini sijatamka neno tangu sehemu ya arobaini.

Mwezi uliopita baba mkwe wa binti yangu aliuliza, mbele ya watu, hasa mimi nafanya kazi gani. Mke wangu Malobika akanijibia. Akasema, "Anaangikwa." Watu walicheka mpaka chai ikapoa. Sijasahau.

Bibi Sharbani alinitazama weee, kisha akasema haya, Bhabatosh, nijaribu. Takwimu za watazamaji hutoka kila Alhamisi. Zikipanda Alhamisi ya tarehe 11, kiti cha mwongozaji ni changu kabisa. Zikishuka, narudi kwenye msumari wangu.

Kiti! Jina langu juu ya yote kwenye skrini! Nimepita dukani nikanunua kofia nyekundu na filimbi.

Jumanne, 2 Desemba

Siku ya kwanza. Nimepuliza filimbi mara sitini hivi. Fundi sauti ameniomba kwa machozi niache. Angalau mtu mmoja alilia leo.

Maana Tiyasha, yule binti anayeigiza mke wa mwanangu, alikataa. Alitakiwa alie mbele ya picha yangu. Akaomba matone ya kutia machoni. Nikamwambia hapana, mwana, kwangu mimi watu hulia machozi yao wenyewe. Tazama picha, kumbuka uchungu wako. Akatazama picha. Kisha akanitazama mimi, nimesimama chini yake na filimbi mdomoni. Akaangua kicheko! Tukarudia. Kicheko. Mara kumi na moja! Mwishowe wakaniomba nitoke chumbani. Nimeongoza kutoka ujiani, nikichungulia dirishani. Nilichokiona ni mguu mmoja wa Kalachand, mpiga picha wetu. Naweza kusema mguu ule ulikaa vizuri sana.

Pinaki akaniletea chai. Kwenye tamthilia yeye ni mdogo wangu laghai anayeitamani nyumba yangu. Hahitaji kuigiza. Akasema pole kaka, kazi hii si ya kila mtu. Nikaonja. Haikuwa na sukari! Anajua vizuri kwamba natia vijiko vitatu. Basi, vita imeanza.

Lakini akili yangu, jamani! Nikiwa palepale ujiani likanijia wazo. Kwa nini niongoze tu? Nifufuke! Bwana Mkubwa hakufa! Waliyemchoma moto alikuwa mtu mwingine! Yeye alipoteza kumbukumbu, akawa anaishi Banaras miaka yote hii, na sasa anaingia mlangoni siku ya harusi ya mjukuu. Radi! Kamera inaruka mara tatu kwenye kila uso! Familia ina watu kumi na wanne, hiyo peke yake ni nusu ya kipindi.

Nikakimbia kumpa habari njema Dada Nandarani. Yeye ndiye mjane wangu, miaka tisa yupo kwenye sari nyeupe, bila bangili, bila rangi. Nikamwambia Dada, utavaa nyekundu tena! Akaweka kikombe chini taratibu. Akasema wajane wa kutoka hapa mpaka Siliguri wanamwandikia barua. Akasema tuzo tatu za mama bora kazipata kwa ile sari nyeupe, si kwa sura yangu. Halafu akasema, "Bhabatosh, thubutu kufufuka. Nitakuua mwenyewe, tena bila kamera."

Nadhani wazo limemgusa.

Jumatano, 3 Desemba

Bibi Sharbani amesema atalifikiria suala la kufufuka. Hakusema hapana! Alisema "sitaki kusikia habari hizo leo". Leo.

Basi, kazi yangu ni kuwaandaa watazamaji. Nimechapisha bango la uso wangu, kubwa kama mlango. Juu, BHABATOSH SAMADDAR. Chini, MWONGOZAJI. Linasimama getini, barabara nzima ilione. Picha nimetumia ileile ya ukutani. Nilikuwa kijana kidogo, na nywele zilikuwepo.

Kupamba nimemkabidhi Gobindo, mtu wetu wa vifaa vya jukwaa. Miaka tisa yeye ndiye anayenibadilishia maua kila asubuhi, hajakosa hata siku moja. Nikamwambia Gobindo, nipambe kama unavyonipamba siku zote, usibane mkono. Akauliza na udi? Nikasema na udi! Akauliza na msandali? Nikasema mwanangu, unaniuliza kama mgeni?

Jioni nikasimama kulitazama kabla ya kwenda nyumbani. Shada lenyewe nene kama mkono wa mpishi, limefunika hata lile neno la chini. Udi unafuka. Bibi mmoja mpita njia akasimama, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa. Heshima hiyo! Siku ya tatu tu!

Kasoro yoyote sikuiona. Uso wangu nimeuona hivyo kwa miaka tisa. Bila shada sijitambui.

Kesho hakuna kazi mpaka saa nane mchana, wanatengeneza umeme. Nitalala.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimekufa!

Nimeamshwa na kilio kwenye ngazi. Nikadhani Bwana Haldar wa ghorofa ya juu ameondoka, maana kifua chake si kizuri. Kumbe Bwana Haldar ndiye anayelia! Yupo mlangoni kwangu na shada la maua meupe, nyuma yake mkewe, nyuma yake vijana wa klabu ya mtaa waliosimamisha karamu yao ya karata kwa heshima yangu.

Malobika alinielewesha, kwa sauti ambayo sitaiandika hapa. Mtu aliye hai anavishwa shada shingoni mwake. Picha ikivishwa, mwenyewe ameshakwenda. Hilo hata mbuzi wa Kolkata analijua. "Baba Jhumur," akasema, "dunia nzima ni wewe peke yako ungeweza kujiua kwa maua."

Akaniamuru nitoke kibarazani nioneshe uso. Nikaenda. Nikafunua pazia kidogo. Lo! Barabara imejaa! Nimehesabu watu mia mbili na kumi na wawili kabla ya chai! Wamama wanajipiga vifua. Muuza mboga kafunga duka, yule yule anayeniwekea mbilingani zilizooza. Nilipokufa sehemu ya arobaini nilipata barua moja tu, ya shangazi yangu, akiuliza kama kweli.

Hapo akili ikafanya kazi. Watu wote hawa watawasha televisheni! Nikitoka sasa, watarudi makwao. Nikikaa ndani mpaka Alhamisi, takwimu zitapasua dari. Na kiti! Nikafunga pazia. Simu nikazima. Nimeamua kuwa marehemu kwa wiki moja. Uzoefu ninao.

Malobika anasema hatamdanganya mtu yeyote kwa ajili yangu. Kila anayekuja anamwambia, "Yupo ndani." Wanashika vifua vyao wanasema kweli shemeji, yupo ndani ya mioyo yetu sote. Wanazidi kulia!

Binti yetu Jhumur, kule Durgapur, alipigiwa na mama yake mapema asije akazimia. Aliuliza tu, "Baba kafanya nini tena?"

Ijumaa, 5 Desemba

Pinaki ametokea kwenye taarifa ya habari. Analia. Ati nilikuwa zaidi ya kaka kwake. Ati chai yangu alikuwa akiniletea kwa mikono yake mwenyewe. Matone ya machoni hayo, nayajua, yanateremka jicho la kushoto kwanza! Kisha akasema kwa unyenyekevu amekubali kukalia kiti mpaka watakapoona la kufanya.

Na kichwani kavaa kofia yangu nyekundu!

Nilitaka kutoka mbio vilevile na fulana. Malobika akafungua mlango, akasema karibu, pita. Nikakumbuka takwimu. Nikarudi kukaa. Mvumilivu hula mbivu.

Leo pia kumetokea jambo la samaki. Muuza samaki alipita asubuhi kama kawaida, na Malobika kama kawaida akatoka kununua. Majirani wote kwenye ngazi wakashika tama! Mjane wa kwetu hagusi samaki. Huyu siku ya pili tu, tena bangili mkononi, rangi nyekundu kwenye njia ya nywele kama mke mwenye mume, anabishana juu ya mizani! Nikamwomba kwa ishara kutoka nyuma ya kabati, mke wangu, wiki moja tu, dengu zina ubaya gani? Akanijibu kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha treni kwamba kufa ni kazi yangu, samaki ni wake.

Akawapika kwa koliflawa mpya. Ningefanya nini? Nikala vipande vitatu. Mwiba ukanikaa kooni, nikakohoa. Mama Haldar alikuwa mlangoni. Akauliza kwa sauti ndogo ni nani huyo anayekohoa. Malobika, ambaye hasemi uongo, akamwambia ni Baba Jhumur, anakula samaki.

Mama Haldar alishuka ngazi tatutatu, na magoti yake yale!

Sasa mtaa mzima una habari. Kwetu hata mtoto anajua mizimu haina uvumilivu mbele ya samaki. Jioni nimekuta sahani mlangoni. Kichwa cha samaki, kimekaangwa, kina ndimu. Nimekula. Nikaacha sahani tupu, nikasikia mtu akipiga mayowe kwa furaha.

Jumamosi, 6 Desemba

Sijui nianzie wapi. Leo ndiyo siku kubwa kuliko zote za maisha yangu, na shavu linaniuma.

Walifanya mkutano wa kunikumbuka, uani kwetu studio. Pinaki akatangaza ataurekodi wote na kuutia kwenye tamthilia, Bwana Mkubwa akumbukwe na familia yake na mashabiki pamoja. Wazo zuri! Lingekuwa langu ningemsifu.

Ningekosaje? Nikavaa kofia ya sufu, ile inayofunika kichwa, masikio na kidevu. Desemba Kolkata kila mwanamume wa umri wangu anaivaa, hata jua likiwaka. Nikaketi safu ya nne katikati ya wazee kumi waliofanana na mimi. Bango langu jukwaani, shada jipya. Zikagawiwa halua za maziwa na sukari guru mpya. Nikachukua nne. Mhudumu akanikazia macho. Nikafuta chozi, akaniongeza ya tano.

Dakika mbili za kimya. Nilisimama nikajikumbuka.

Pinaki akazungumza. Juu ya Pinaki. Kisha akapanda Dada Nandarani na sari yake nyeupe. Karatasi mkononi, hakuisoma. Akasema kwa miaka tisa kila asubuhi husimama mbele ya picha ya mtu huyu na kulia kwa ajira. Akasema leo asubuhi amesimama pale, hakuna kamera, na machozi yametoka yenyewe. Akasema mwaka ule mumewe wa kweli alipofariki, ni Bhabatosh pekee aliyekwenda kukaa naye. Alikaa siku tatu, akisema upuuzi mtupu, na ule upuuzi ndio uliomfanya ale chakula. Akasema hakuwahi kuniambia asante.

Nikalia. Nakiri. Nililia ndani ya kofia, sufu ikalowa yote. Mimi nilisahau hata kwamba nilikwenda.

Nikainua macho niione kamera inavyomchukua uso ule. Mungu wangu! Kamera haimtazami! Kalachand ameelekezwa kwa Pinaki! Pinaki ameketi pembeni anajifuta jicho la kushoto! Uso wa namna ile, machozi ya namna ile, ambayo mwongozaji huyasubiri maisha yake yote, na kamera iko kwenye pua ya Pinaki!

Sikufikiri. Sikumbuki hata nilivyosimama. Filimbi ilikuwa mfukoni. Nikaipuliza! Nikapaza sauti, "Kata! Kalachand, mgeukie Dada! Msogelee! Dada, tafadhali, rudia kuanzia 'siku tatu'!"

Vichwa vyote vikageuka.

Filimbi ile kila mtu wa studio anaijua. Nikavua kofia. Wazee kumi wakaruka kutoka safu ya nne kama wana miaka ishirini. Mama Haldar akaanguka. Bwana Haldar, aliyekuwa amelia kuliko wote, akauliza kwa hasira shada lake liko wapi. Mtu akapiga kelele kwamba huyu ndiye aliyekula kichwa cha samaki wake.

Dada Nandarani akateremka jukwaani. Akaja mpaka mbele yangu. Akanitazama. Nilidhani atanikumbatia. Alinizaba kofi lililosikika barabarani!

Nikageuka nikamuuliza Kalachand kama kamera imelipata. Akanionesha dole gumba! Alikuwa ameshageuka nilipomwambia! Uso wa Dada kabla ya kofi, wote, kwa karibu kabisa! Hiyo ndiyo picha bora kupata kutokea Tollygunge, na nimeiongoza mimi. Kiti ni changu.

Alhamisi, 11 Desemba

Takwimu zimetoka. Nambari moja! Juu kuliko tamthilia zote, juu kuliko hata mpira! Kipindi cha maombolezo, kilichorushwa Jumatatu, kimewaliza watu mpaka vyombo vimelala bila kuoshwa.

Nikaingia ofisini kwa Bibi Sharbani na kalamu yangu mwenyewe ya kutia saini. Pinaki alikuwa amekwisha kukaa. Kwenye kiti. Cha mwongozaji. Kwa kudumu.

Nikasema lakini ule uso wa Dada ni mimi! Bibi Sharbani akasema ndiyo, na ulikuwa mzuri, ila umekatwa pale filimbi ilipolia. Kwa watazamaji mimi ni marehemu, na wamenililia mara mbili. Hawatakubali nirudi, watadai machozi yao. Nikauliza, na magazeti yaliyoandika kwamba nipo hai je? Akasema watu hawasomi hayo.

Halafu likaja kubwa zaidi. Alijua! Tangu asubuhi ya Alhamisi ile alijua nipo nyuma ya pazia! Alipiga simu ya rambirambi, Malobika akamwambia wazi, "Mume wangu mzima, anahesabu watu." Bibi Sharbani akasema vema, basi aendelee kufa. Mimi niliyedhani naiongoza mipango, kumbe nimeongozwa. Na mtu asiye na hata filimbi!

Wamenipa picha mpya. Kubwa kama mlango, fremu ya dhahabu. Dada Nandarani alikuja kunivika shada mwenyewe, akamwondoa Gobindo. Akaninyooshea fremu. Bila kunitazama mimi niliyesimama pale, akaiambia picha kwamba yale ya siku tatu alimaanisha kila neno. Kisha akaniambia mimi nikome.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Niliumia sana. Malobika alinitilia wali na kuutoa mwiba wa samaki kwa vidole vyake. Lile jina langu juu ya yote kwenye skrini, akilini nilikuwa nimeshaliona.

Ijumaa, 12 Desemba

Huzuni imeisha saa tatu na robo asubuhi! Studio ya pili, ng'ambo ya ua wetu, mwongozaji wao ameanguka kutoka kwenye ngazi ya taa! Bega! Wanatafuta mtu!

Nimekimbia kwa mchapishaji nikiwa na kandambili. Bango jipya, mara mbili ya lile la kwanza. Safari hii nimetumia akili, neno MWONGOZAJI nimeliweka juu, shada lisilifunike. Makosa humfundisha mtu.

Gobindo akanitazama, akaniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, apambe kama siku zote. Na maua, nikamwambia, safari hii yawe mengi zaidi.

Malobika nilipomsimulia aliniangalia kidogo, akaenda mlangoni. Nimemsikia akimwambia muuza samaki amletee wa wiki nzima.